Bao Lisiishie Hewani

Bao la sakafu lisipoishia juu ya boriti, linaishia hewani, na hewa haishiki msumari. Nawaambia hili mapema kwa sababu najua vijana hamna subira ya kumsikiliza mzee hadi mwisho. Mkiondoka sasa hivi kurudi kwenye simu zenu, angalau mtakuwa mmebeba kitu.

Mliobaki, sogeeni. Siku hizi nikipita Kashikishi, hata nikienda upande wa Mununga, naona nyumba zinainuliwa juu ya nguzo. Ziwa limetufundisha kwa kutulowesha. Naona pia mnavyofanya kazi: drili za betri, skrubu, gundi ya kopo. Nafurahi. Sisi tulikuwa na nyundo na magoti, na magoti yangu yalibaki chini ya sakafu za watu. Ila nikisimama kutazama, naona kosa lile lile la zamani linafanywa kwa drili, haraka zaidi kuliko tulivyolifanya sisi kwa nyundo.

Nyumba ya kuinuliwa ni hivi. Kuna nguzo. Juu ya nguzo inalala mihimili mikubwa. Juu ya mihimili zinapangwa boriti, sambamba, kama mbavu za ng'ombe. Juu ya boriti ndipo yanapolala mabao ya triplex, yale ambayo upande huu wa ziwa watu wanayaita plaiwudi. Mwenye nyumba hataona boriti hata siku moja. Ataona balatum yake, lile zulia la plastiki lenye maua, ataona kabati na viti. Mguu wake tu ndio utakaojua kilichoko chini.

Mimi nilijifunza kazi ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya kwetu Wakongomani, kwa Papa Kyungu. Huyo alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na alikuwa na desturi iliyotuaibisha sisi wanafunzi wake. Akimaliza sakafu alivua shati, akalala chali juu ya mbao, akajisogeza polepole kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kama mjusi. Wake za wenye nyumba walidhani amelewa. Nilipomuuliza kwa nini asitumie pima maji kama mafundi wengine, alinijibu akiwa bado amelala, macho kwenye bati: "Mutoto, macho inadanganya. Mugongo haidanganye." Siku nyingine usingizi ulimchukua hapo hapo, na mwenye nyumba akarudi sokoni akamkuta anakoroma sebuleni kwake. Hakuna aliyemlipia kulala, lakini hakuna aliyewahi kumwita arudi kurekebisha.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kila boriti ina mgongo na tumbo. Ishike mwisho mmoja, funga jicho moja, itazame kwa urefu wake. Utaona imepinda kidogo. Upande uliovimba ndio mgongo, na mgongo unaelekea juu. Uzito wa nyumba utaunyoosha kadiri miaka inavyokwenda. Ukiiweka tumbo juu, utakuwa umemjengea mtu bakuli, na kila kitakachodondoka chumbani kitakimbilia katikati.

Lakini Papa Kyungu hakunifundisha triplex. Wakati wake sakafu zilikuwa za mbao nyembamba ndefu, na mbao ndefu ni kiumbe mpole. Ikipita boriti, unaikata juu ya boriti, unaendelea na nyingine. Boriti zako zikipishana kidogo, mbao haikasiriki. Bao la triplex lilizaliwa kiwandani na vipimo vyake tayari. Halikufuati. Wewe ndiye utakayelifuata.

Vita vilipotufukuza nilivuka na mke wangu, watoto, na sanduku la vyombo vya kazi. Tulikaa kambini, nikalima mihogo vibaya sana, mke wangu atawaambia. Baadaye nikaanza kuja Kashikishi kutengeneza milango na viti. Hapo ndipo nilipokutana na Ba Mulenga, "Ba" ya heshima, kama sisi tunavyosema Papa.

Ba Mulenga alikuwa Mbemba wa hapa hapa Nchelenge, mrefu, mkimya, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye miji ya migodi kabla ya kurudi nyumbani kwao. Alikuwa na Kiswahili cha kununulia samaki, nami wakati huo nilikuwa na Kibemba cha kuombea maji. Tulielewana kwa mikono. Nikishika msumeno yeye alishika mbao. Nikitazama juu yeye alikuwa ameshaanza kupanda. Baada ya muda watu wakawa hawamwiti mmoja wetu bila mwingine. Maneno ya Ba Mulenga nitayaleta kwa Kiswahili, maana mengi aliyasema kwa lugha yake.

Sasa niwaambie habari ya nyumba ya Mama Feza.

Mama Feza alikuwa Mkongomani mwenzangu, mchuuzi wa samaki wakavu, mama wa kwaya kanisani kwao, mwenye sauti ambayo ikikuita kutoka sokoni unageuka hata kama jina silo lako. Alipanga nyumba karibu na maji. Mvua zilipozidi, maji yalikuja kutoka chini, yakapenya kwenye simenti kama jasho. Asubuhi mkeka ulikuwa umelowa. Alipata kiwanja kidogo juu zaidi, akatuita.

"Papa Ilunga," aliniambia, "mi nilichoka kulala mu maji. Nataka nyumba yenye iko juu, bata bapite chini yake."

Tulicheka. Kisha akaacha kucheka, akatueleza sababu yenyewe. Mama yake, Koko Kapinga, yaani Bibi Kapinga, alikuwa amebaki Kilwa kwa jamaa. Miguu ilikuwa imevimba, kifua kilikuwa kinambana kila baridi ikija. Feza alitaka kumleta avuke, alale kwake, lakini hakutaka kumlaza mgonjwa wa kifua juu ya simenti inayotoa maji.

"Niko na mama moja tu," alisema. "Mutengeneze kama ni mama yenu."

Tukaanza. Nguzo zilisimama vizuri, za mkaratusi zilizopakwa dawa ya mchwa. Mihimili ikalala sawa. Sakafu ilikuwa juu kiasi kwamba mtu mzima akisimama chini, kati ya boriti na boriti, kichwa na mabega yanatokeza juu. Mabao ya triplex yalikuja kwa lori kutoka Mansa, idadi kamili na hakuna la ziada. Ilibaki kupanga boriti. Ili kwenda haraka tukagawana nyumba: mimi nikaanzia ukuta wa mashariki, yeye ukuta wa magharibi, tukutane katikati.

Hapo ndipo msikilize vizuri.

Mimi nilikuwa mtoto wa mita. Papa Kyungu alinifundisha kwamba kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya inayofuata ni sentimita arobaini. Ba Mulenga alikuwa mtoto wa inchi, na kwake nafasi hiyo ilikuwa inchi kumi na sita. Ukiviweka vipimo hivyo kando kando, tofauti yake haizidi unene wa penseli. Nani atagombana kwa ajili ya penseli? Lakini bao la triplex lina futi nane, na linavuka nafasi sita kabla halijaisha. Penseli sita zikikaa pamoja ni upana wa vidole viwili. Boriti, kutoka katikati yake hadi ukingoni, haina hata hivyo vidole viwili.

Tulipopigilia boriti zote tulikuwa tumefurahi. Zilionekana nzuri, zimenyooka, kila moja mgongo juu. Tukainua bao la kwanza, tukalilaza upande wangu, likavuka boriti kama inavyotakiwa, maana bao lazima livuke boriti, lisizifuate. Nikaenda mwisho wa bao kupiga msumari wa kwanza. Nikaona mwisho wake umepita boriti na kuning'inia. Nikadhani tumelisukuma. Tukalirudisha. Likaning'inia tena.

Ba Mulenga alichukua bao jingine akaenda nalo upande wake. Kule likaishia katikati ya boriti barabara, nusu ya unene ikibaki wazi kumsubiri mwenzake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mabao mawili yanagawana boriti moja, kila moja nusu yake, kama watoto wawili juu ya mkeka. Lakini upande wake nao, tulipopima kuelekea katikati, mabao yalifika mahali ambapo boriti zake na zangu zilikutana bila kujuana, na hapo hakuna bao lolote lingeshika.

Tukasimama tukitazamana juu ya zile mbavu.

"Hili bao limezaliwa kwa futi," Ba Mulenga alisema. "Wewe umelipangia kitanda cha mita."

"Na wewe ulianza upande wako bila kuuliza," nikamjibu.

"Ulikuwa na mdomo. Ungeuliza wewe."

Nilipendekeza tubandike vipande vya mbao ubavuni mwa kila boriti yangu, ili mwisho wa bao upate pa kulala. Ni njia halali, vijana. Mtaitumia siku moja. Lakini mbao za kutosha hatukuwa nazo, na Ba Mulenga alitaka boriti zangu zote zing'olewe zipangwe upya. Nilikuwa nimechoka. Nikasema hiyo ni kiburi cha mtu anayetaka kuonyesha kwamba upande wake ndio uliokuwa sawa. Naye akasema jambo ambalo hakuwa amewahi kuniambia tangu tufahamiane.

"Nyinyi wakimbizi mmezoea kujenga nyumba ya kulala siku mbili."

Nilifikiria nyumba yangu ya Kilwa, niliyoijenga mwenyewe, ambayo sijui sasa analala nani ndani yake. Nikamwambia, "Yangu niliiacha imesimama. Wewe zako hata usipokimbia zinaanguka." Halikuwa kweli. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi kwenye paa. Alikusanya vyombo vyake akaondoka bila kufunga sanduku, nyundo ikigongana na patasi njia nzima.

Nilibaki pale. Dede, mdogo wake Mama Feza, ndiye aliyefika. Alikuwa kijana mwema mwenye haraka. Alikuwa ameshakubaliana na mwenye boti amlete Koko mara ziwa likitulia, na aliposikia tatizo alilitazama kama mtu anayetazama tope kwenye kiatu.

"Papa, piga tu misumari penye inashika," alisema. "Tutaweka balatum juu. Nani ataona?"

"Mama yako hataona," nikamwambia. "Miguu yake itajua."

Hakuelewa, na sikumlaumu. Mtu mwenye miguu mizima akikanyaga mwisho wa bao ulio hewani, unashuka kidogo, unarudi, naye anapita. Mwezi baada ya mwezi ule mwisho unashuka zaidi, bao la jirani linabaki juu, panatokea ukingo mdogo, mwembamba kama sahani. Kijana ataupita. Mgonjwa anayeburuza miguu ataupata kwa kidole gumba, na ataanguka kwa uso.

Nilimweleza Mama Feza yote. Nilitaka alisikie kwangu kabla hajalisikia kwa jirani. Alikuwa sokoni, ameketi nyuma ya lundo la chisense, dagaa wa ziwa letu, waliokauka, anawafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Alinisikiliza hadi mwisho, kile kipande kikazidi kwenda taratibu.

"Donc, basi nyumba haiko tayari," alisema.

"Haiko tayari."

"Na mama yangu iko njiani."

"Ndiyo, mama."

Aliweka chini kile kipande cha boksi. Kisha akamwomba jirani amwangalizie samaki, akajifunga kitenge vizuri, akaniambia nimfuate. Nilidhani tunakwenda kiwanjani. Tulikwenda kwa Ba Mulenga. Tulimkuta uani anainoa randa yake, mkewe anapepeta mahindi. Mama Feza hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alisema kwa ule mchanganyiko wetu, Kibemba huku, Kiswahili kule, ili kila mmoja ashike kipande chake.

"Mimi sikuita mita. Sikuita inchi. Niliita bafundi bawili, nyumba moja. Kama mumegombana, mugombane kisha, mama yangu akiisha kulala."

Mke wa Ba Mulenga alitikisa kichwa bila kuacha kupepeta. Ba Mulenga alitazama makali ya randa. Hakuna aliyeomba radhi siku hiyo. Mama Feza alirudi kwa samaki wake, mimi nikarudi kambini.

Asubuhi nilimkuta Ba Mulenga kiwanjani kabla yangu. Alikuwa amelaza bao moja la triplex chini kwenye mchanga, na kando yake fito nyembamba ya msonobari iliyokatwa urefu ule ule wa bao. Juu ya fito alikuwa anachora mistari kwa penseli: mwanzo, mwisho, na nafasi sita zilizo sawa katikati.

"Ba Ilunga," alisema bila kuinua kichwa, "tuweke mbali mita yako na futi yangu. Tuulize bao lenyewe."

Nikavua koti. Nikashika ncha ya pili ya fito.

Hiyo ndiyo siri yote, kama mnataka kuiita siri. Kabla ya kupiga boriti ya pili, lijue bao litakalolala juu. Lipime lenyewe, usipime kumbukumbu yako. Viwanda vinabadilika, mabao mengine yana futi nane, mengine yamekatwa kwa mita. Kata fito ya urefu wake, igawe sawa, tembea nayo kutoka ukuta hadi ukuta. Anzia upande mmoja tu. Na pima kutoka katikati ya boriti hadi katikati. Ukipima kutoka ukingo wa moja hadi ukingo wa nyingine, unene wa mbao utakuibia kidogo kidogo hadi mwisho wa nyumba.

Tuling'oa boriti zangu. Misumari ilitoka ikilia. Tuliinyoosha juu ya jiwe, tukaitumia tena ile iliyokubali. Tukakubaliana tumalize kwanza chumba cha Koko, kizima, na sebule ibaki mbavu wazi. Hilo nalo lishikeni: mkichelewa, msitandaze kazi nusu nusu nyumba nzima. Malizeni mahali ambapo mtu atalala.

Chumba kile tulikifanya kama tunatengeneza meza. Mabao yalipangwa kama matofali, viungo visifuatane mstari mmoja. Kati ya bao na bao tuliacha nafasi ya msumari mwembamba, maana hewa ya ziwa inavimbisha triplex, na bao lililobanwa likivimba halina pa kwenda ila juu. Penye ukingo mrefu wa bao tulifunga vipande vya mbao kati ya boriti na boriti, ukingo usiyumbe. Tulipomaliza, Ba Mulenga alinitazama, nikavua shati, nikalala chali, nikajisogeza kutoka ukuta hadi ukuta. Hakucheka. Aliuliza tu, "Inasema nini?" Nikamwambia haisemi kitu.

Ziwa lilitulia mapema kuliko tulivyotaka. Siku ile mchana mimi nilikuwa ndani ya chumba cha Koko nikisafisha vumbi la msumeno. Ba Mulenga alikuwa chini ya sebule, amesimama kati ya boriti na boriti, anapigilia vipande vya kuzuia. Tukasikia watu wanapanda kutoka ufukweni. Dede alikuwa mbele, na binamu yake mmoja nyuma, wamembeba Koko Kapinga kwenye kiti cha mbao. Mama Feza alifuata na mabegi. Koko alikuwa mwanamke mdogo sana, amefungwa vitenge viwili, uso umekunjamana kwa uchovu, lakini macho yake yalikuwa yanatazama kila kitu.

Walipanda ngazi hadi mlangoni. Mbele yao kulikuwa na sebule isiyo na sakafu. Nilimwambia Dede asubiri nilete mbao za kupitia. Lakini alikuwa amembeba mama yake kutoka majini, na hakusubiri. Aliona kipande kikubwa cha triplex kimeegemea ukuta, akamwomba binamu yake ashushe kiti kwanza mlangoni. Akakivuta kile kipande, akakitupa juu ya boriti kuelekea chumbani. Kililala vizuri kwa macho. Wakainua kiti tena. Dede akatangulia kinyumenyume.

Kipande hicho hakikuwa na msumari hata mmoja, na mwisho wake wa upande wangu ulikuwa umepita boriti ya mwisho chini yake bila kuifikia nyingine, umening'inia kama ulimi. Niliona Dede anarudi nyuma kuelekea ule mwisho. Binamu yake alikuwa bado mlangoni, uzito wake haujaingia kwenye bao. Nilisema, "Dede, simama," lakini kisigino chake kilikuwa kimeshafika.

Bao likashuka upande wake. Upande wa mlango likainuka, likampiga yule binamu kwenye miguu. Kiti kikaelekea mbele, na Koko akakishika kwa mikono yote miwili.

Halafu bao likaacha kushuka.

Ba Mulenga alikuwa ameingiza bega lake chini ya ule mwisho. Niliona shingo yake imejaa mishipa, na kiganja chake kimeshika boriti. Alisema kwa Kibemba, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Msisogee. Kila mtu abaki alipo." Kisha akaniambia mimi, "Ba Ilunga, yule wa mlangoni aingie juu ya bao. Aingie polepole."

Nikamweleza binamu kwa Kiswahili. Akaweka mguu mmoja, kisha wa pili. Uzito ukarudi. Mimi nikamshika Dede kiunoni nikamvuta ndani ya chumba, juu ya sakafu iliyopigiliwa, na kiti kikafuata. Tukamshusha Koko. Dede akaketi chini ukutani.

Koko Kapinga alikuwa anatazama nyuma, kwenye kichwa cha Ba Mulenga kilichotokeza kati ya boriti na boriti, kimejaa jasho na vumbi.

"Feza," aliuliza, "ule mutu iko chini ya nyumba ni nani?"

"Ni fundi, mama."

"Mumutoshe pale, atoke. Nyumba haiyaisha, na mumeshaweka mutu chini yake."

Nilimtafsiria Ba Mulenga. Alicheka hadi akalazimika kushika boriti, huku bega lake linavuja damu mahali ukingo wa bao ulipomkata. Mama Feza ndiye aliyemsafisha jeraha kwa maji ya moto. Alibonyeza kitambaa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Tulipobaki wawili, nilimwambia Ba Mulenga lile neno langu kuhusu nyumba zake halikuwa kweli. Akasema, "Na langu." Akaokota nyundo. Kati ya mafundi hiyo ni hotuba ndefu.

Kile kipande cha triplex tulikipigilia kabla ya kitu kingine chochote. Nawasihi, bao lisilo na msumari lisibaki juu ya boriti hata wakati wa kwenda kunywa maji. Ama lipigilieni, ama lishusheni. Bao linaloning'inia hewani ni mtego, na mtego hauchagui mwenye haraka tu.

Koko Kapinga aliishi katika chumba kile mvua zote, na baridi iliyofuata ilimkuta bado anaamka mwenyewe. Nilikuwa nikipita namkuta anatembea, mkono mmoja ukutani, miguu peku inaburuzwa juu ya balatum. Hakuwahi kujikwaa. Alikuwa ananiita kila mara kunilalamikia bata wanaopiga kelele chini ya kitanda chake, kana kwamba bata nao niliwajenga mimi. Alifariki wakati mahindi mapya yanaanza kuchomwa njiani, akiwa usingizini, mwanawe yupo karibu.

Msibani walikuja watu ambao sikudhani nyumba ile ingewabeba. Wanawake wa kwaya, wachuuzi wa soko zima, jamaa waliovuka kutoka Kilwa, majirani Wabemba. Wanawake walijaa sebuleni, wameketi sakafuni bega kwa bega, miguu imenyooshwa. Mimi na Ba Mulenga tuliketi nje na wanaume. Kwaya ilipoanza kuimba, wanawake waliinuka, na mkisikia kwaya ya Mama Feza mnajua haiimbi kwa mdomo peke yake. Nyayo zote zilishuka pamoja. Ba Mulenga aliacha kuzungumza. Mimi nilikuwa nimeshaacha. Tulisikiliza wimbo ule hadi mwisho, sisi tukisikiliza kilichoko chini yake. Hapakuwa na mlio. Palikuwa na mshindo mzito, sawa, kutoka ukuta hadi ukuta.

Baada ya mazishi Mama Feza alitoka mlangoni, macho yamevimba, akatutafuta kati ya wanaume.

"Papa Ilunga. Ba Mulenga. Ingieni."

Tulisema tuko sawa hapo nje. Akarudia, safari hii kwa ile sauti yake ya soko. Tukavua viatu. Soksi ya Ba Mulenga ilikuwa na tundu, akajaribu kulificha kwa kidole cha mguu mwingine. Katika miaka yangu yote nilikuwa nimepiga magoti juu ya sakafu za watu, nimelala chali juu yake, nimetambaa chini yake, lakini sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kualikwa kukaa juu ya moja kama mgeni.

Mwanamke mmoja mzee, ambaye hakutujua, alivuta miguu yake akatupisha. "Ikaleni, mukwai," alisema, akapapasa mahali pa kukaa. Tukaketi. Mama Feza akaanza kueleza mama yake alivyokuwa msichana, akiwachekesha watu huku analia, na wote waliokuwa chumbani walikuwa wanamtazama yeye. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama sakafu.